Ufa uko wapi? Kibaha, Kisarawe na hesabu ya hasara

Kuna kitu kinanisumbua, wadau. Septemba 10, 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba kibao. Agosti 12, 2020 likaja jingine la 6.0. Dar watu walishuka maghorofani mbio usiku ule... kesho yake wakaenda kazini! Tofauti kubwa ni umbali: hili lilianzia baharini, kusini mashariki mwa jiji.

Sasa anayekadiria hasara ya Kibaha na Kisarawe afanyeje? Nyumba atazihesabu, za tofali za saruji na za udongo. Ufa uliofunikwa na mchanga au bahari hauhesabiki hivyo. Akiuchora kilomita 20 karibu zaidi na Kisarawe, nyumba zilezile zinageuka kifusi. Akiurudisha baharini, ni plasta tu imepasuka.

Na kumbukumbu zetu ni fupi. Lile kubwa la Rukwa, 7.4, lilitokea Desemba 13, 1910, enzi za Mjerumani, vipimo vikiwa vichache na mbali. Ufa wake hudhaniwa tu kuwa ule wa Kanda, karibu na Sumbawanga. Kwa hiyo nikiletewa tarakimu moja ya hasara ya Pwani, nauliza kwanza: ufa mmeuchora wapi?