Sarafu za shaba zilizotobolewa: Kumbukumbu ya kodi Nyanza Kusini

SARAFU ya senti kumi iliyotobolewa katikati, ambayo wazee wa Migori na Homa Bay waliijua kwa jina la otonglo, hainunui chochote dukani siku hizi. Kwa mkusanyaji wa sarafu na kwa mwanafunzi wa historia, hata hivyo, kipande hicho cha shaba kina mengi ya kusimulia.

Neno pesa lenyewe limetokana na paisa ya India. Mwaka 1888, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki (IBEA) ilitoa pesa za shaba zenye jina la Mombasa. Zilifuatwa na zile za Malkia Victoria za 1897 hadi 1899, ambapo pesa 64 zilitimiza rupia moja. Senti zilizotobolewa zilianza kutengenezwa mwaka 1907. Tundu liliwawezesha watu kuzitunga kwenye kamba na kuzibeba bila mfuko.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa Desemba 1919. Rupia iliondolewa mwaka 1920, ikaja florini, kisha shilingi mwaka 1921. Hapo ndipo zilipotokea senti moja, tano na kumi za shaba iliyochanganywa na madini mengine, zenye picha ya pembe za ndovu kulizunguka tundu.

Mabadiliko hayo yaliwaangukia wananchi katika wakati mgumu. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilikuwa imepandishwa hadi Sh16 huku mishahara ikipunguzwa. Vuguvugu la Piny Owacho, lililoanzia Lundha, Gem, Desemba 1921, lilipinga mzigo huo, na mwaka 1922 kodi ikashushwa hadi Sh12. Hata baada ya nafuu hiyo, aliyelipa kwa senti kumi alihitaji sarafu 120, ambazo uzito wake ulizidi kilo moja.

Mkusanyaji anayeanza atazame kwanza jina la mfalme na mwaka. Senti tano na kumi za 1936 zina jina la Edward VIII, aliyeacha kiti cha ufalme Desemba mwaka huo huo. Kwa kuwa sarafu zenye tundu hazikuwa na picha ya mfalme, zilitengenezwa na kutumika mapema, na ni miongoni mwa sarafu chache duniani zilizo na jina lake. Herufi ndogo huonyesha kiwanda: H na KN ni Birmingham, SA ni Pretoria na I ni Bombay. Zile za 1964 hazina jina la mtawala yeyote, kwani mataifa yalikuwa yamepata uhuru. Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa mwaka 1966 na shilingi ya Kenya ikachukua nafasi yake.

Kwa wakazi wa Migori, wanaopakana na Tanzania kupitia Isebania, heller za Wajerumani nazo zafaa kujulikana. Vita vilipokata mawasiliano na Ulaya, Wajerumani walitengeneza sarafu za heller tano na 20 mjini Tabora mwaka 1916.

Migori yenyewe ina historia ya shaba. Mgodi wa Macalder, Nyatike, ulitoa shaba pamoja na dhahabu hadi ulipofungwa mwaka 1966.

Sarafu kuukuu isisuguliwe kwa mchanga, majivu wala tindikali, kwani utando wake wa rangi ya kahawia au kijani ni sehemu ya umri wake, na kuing'arisha hushusha thamani. Ihifadhiwe pakavu, ishikwe ukingoni, na iandikwe ilipatikana wapi na kwa nani.

Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa mambo ya kale vifaa vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Pesa ya 1888 imo katika kundi hilo, na haipaswi kutolewa nje ya nchi bila kibali.

Mwenye kuuza otonglo za babu yake kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu hupata bei ya shaba tu, na kumbukumbu ya jasho lililolipia kodi huyeyushwa pamoja nazo.