Si filamu bubu, ni filamu ya kimya

JUZI nikiwa nyumbani Tiwi, kijana mmoja anayesomea uundaji wa filamu alinijia. "Shikamoo, Mwalimu. Nataka kuigiza wapendanao wawili katika filamu fupi bubu. Lakini wenzangu wasema bila mazungumzo hakuna mapenzi, ni watu kutazamana tu."

Nilimwambia tuanze na hilo neno 'bubu'. Bubu hawezi kusema. Aliyenyamaza anaweza, ila amechagua kutosema. Tofauti hiyo ndiyo historia yenyewe ya sinema.

Mwanzoni sinema ilikuwa bubu kwa kukosa uwezo. Jumba la Royal lilipofunguliwa Zanzibar mwaka 1921, The Jazz Singer, filamu ndefu ya kwanza kusikika watu wakizungumza, ilikuwa bado miaka sita. Basi watu wa pwani waliyaona mapenzi kwenye pazia jeupe kabla ya kuyasikia. Charlie Chaplin naye alipotoa City Lights mwaka 1931, sauti ilikuwepo tayari, akakataa waigizaji wake wasizungumze. Mwishoni, muuza maua aliyekuwa kipofu anamtambua mfadhili wake kwa kumgusa mkono. Huo si ububu, ni kimya.

Filamu hizo zilikuwa na vibao vya maandishi kati ya picha na picha. Je, sisi hatuna vibao vyetu? Tunayo leso! Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule wa 'Mali ya Abdulla', ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo wa kuandika misemo kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwa herufi za Kiarabu kwanza, kisha za Kirumi. Msemo huo twauita jina la leso. Mwanamke wa pwani hakulazimika kutamka neno; alijifunga leso, akapita.

Sikuwahi kumsikia mama akimwambia baba kuwa anampenda. Baba akirudi baharini, mama alijifunga leso mpya akapita mbele yake, mara ya kwanza, mara ya pili, ati anatafuta kata. Baba hakujua kusoma. Alinikonyeza mimi, mtoto wa darasa la tatu, nikachungulie jina kisha nikamnong'onezee. Alicheka peke yake. Jioni alirudi na asumini, akaziweka kitandani bila neno. Mama alipofariki, nguo zake ziligawiwa, lakini leso moja baba alikataa isitolewe. Hadi anazikwa hakuweza kuisoma.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na leo, Mwalimu, nani atasoma jina la leso kwenye filamu yangu?"

Hapo ndipo penye kazi. Wengi wa vijana wetu sasa hununua leso kwa rangi tu. Nikamshauri aielekeze kamera kwenye pindo, aiache hapo mtazamaji asome, kisha aturudishe kwenye uso wa aliyelengwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini mshindo huo humfikia anayejua kuusikiliza. Tuwafunze watoto wetu.