Vita Vilivyopita Reli ya Korogwe

Reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Miaka 12 baadaye ilichangia kuamua mapigano ya Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914, majeshi ya Uingereza yapatayo askari 8,000, wengi wao kutoka India, yalianza kushuka pwani. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwasafirisha askari wake kwa treni kutoka Moshi. Wakapita hapa kwetu, wakawahi. Kufikia tarehe 5, washambuliaji walikuwa wamerejea melini, wakiacha nyuma mamia ya wafu. Miongoni mwa waliopigana walikuwamo Warajputi na askari wa Kashmir, wengi wao Wahindu kama sisi.

Juni 1916 vita vilifika mlangoni. Majeshi ya Jan Smuts yalitwaa Korogwe, kisha Handeni. Mbele ya hapo hapakuwa na reli. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao.

Mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Sisi Wahindu tunalielewa jambo hili kwa namna ya pekee. Mwili wa marehemu wetu hukabidhiwa moto, na majivu hukabidhiwa maji, hatuachi kaburi. Kinachobaki ni jina linalotajwa na wazao. Mpagazi aliyeanguka njiani hakupata kaburi, wala jina lake halikuandikwa.

Tanga, ndani ya Boma la kale, Makumbusho ya Urithi huhifadhi picha na vitu vya enzi hizo. Lakini kabati la makumbusho haliwezi kuhifadhi kisichopelekwa. Katika nyumba za Kilole, za Wazigua, Wasambaa na za waumini wetu, huenda ipo picha, barua, au jina ambalo bibi hulitaja. Katika maadhimisho haya tunawaomba, ndugu waumini na majirani, tuyaandike majina hayo pamoja, bila kutenga la Mhindi na la Mwafrika. Waliotembea njia moja wastahili daftari moja.