Muthirigu, ngoma iliyotisha serikali

Mapema mwaka 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya, yenye polisi, mahakama na magereza, ilipiga marufuku ngoma. Ilikuwa Muthirigu, na haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja tangu ivume Ukikuyuni.

Ilizuka mwishoni mwa 1929. Wamisheni wa Kiskoti wa Thogoto, wakiongozwa na Daktari John Arthur, pamoja na wenzao wa Africa Inland Mission wa Kijabe, waliwataka waumini wakane tohara ya wasichana. Wengi walikataa, wakatoka makanisani, wakawatoa watoto shuleni, na baadaye wakajenga shule zao huru. Vijana wakacheza. Beti za Muthirigu ziliwataja wamisheni, machifu na maofisa, zikawakejeli hadharani, na kila kijiji kingeweza kuongeza ubeti wake. Ungemkamata nani kwa kuutunga wimbo kama huo?

Katika Bonde la Ufa ngoma hii iliwakuta watu wenye kidonda chao. Maskwota waliohamia mashamba ya masetla huko Naivasha, Njoro, Elburgon na Subukia walidaiwa na sheria ya 1918 siku 180 za kazi kwa mwaka, ndipo waruhusiwe kulima na kuchunga. Miaka ya 1920 masetla wakawapunguzia mifugo kwa nguvu, balaa ambayo maskwota waliiita kifagio. Aliyeona ng'ombe wake wakiondolewa zizini hakuhitaji kufafanuliwa ubeti wa kumkejeli mzungu.

Hata hivyo, tusiitukuze Muthirigu kwa kusimulia nusu tu ya habari yake. Ilimkejeli pia msichana asiyetahiriwa, ikamwaibisha mbele ya rika lake. Wanaume waliogombania ardhi na heshima waliupigania ugomvi huo juu ya mwili wake, na wamisheni nao wakafanya vivyo hivyo. Ujasiri wa ngoma ile ni wa kweli, na aibu aliyobebeshwa binti yule ni ya kweli pia.

Ngoma ikazimwa, lakini watu waliendelea kuhamishwa. Mwaka 1941 serikali ilianza kuwapa makao Olenguruone, katika nyanda za juu za Mau, Wakikuyu waliokuwa wamefukuzwa kwingine. Ilipowawekea masharti ya kilimo na urithi, walikataa: kwao ile ilikuwa ardhi yao, si ya kuazimwa. Wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na watoto, jambo lisilo la kawaida kwa viapo vya Kikuyu vya zamani. Serikali ikajibu kwa kesi na kuwatoa kwa nguvu. Kufikia 1950 makao yalikuwa yamevunjwa, na wengi wakapelekwa Yatta, nchi kame ya Ukambani.

Walitunga nyimbo kuhusu kufukuzwa huko. Kiapo chao kikaenea mashambani kote Nakuru, nyimbo nazo zikaimbwa katika vita vya Mau Mau. Baadhi yake Maina wa Kinyatti alizichapisha mwaka 1980 katika kitabu chake Thunder from the Mountains.