MTO ULIONYOOSHWA: FUNDISHO KUTOKA DENMARK

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Katika toleo hili la kumbukumbu naeleza habari za mto mmoja wa mashambani huko Denmark, uitwao Skjern. Historia yake inatuhusu sisi tuliolima mabondeni na tunaotumaini kulima tena.

Jiografia yake. Mto Skjern uko magharibi ya Jutland, nao huishia katika ghuba ya Ringkøbing Fjord, kando ya Bahari ya Kaskazini. Urefu wake haufiki kilometa 100, lakini hubeba maji mengi kuliko mito yote ya nchi hiyo. Zamani ulipinda kama nyoka katika bonde tambarare. Mafuriko yalipopungua yaliacha tope lenye rutuba, na wenyeji walikata majani ya ng'ombe na kuvua samaki aina ya samoni.

Historia yake. Mafuriko hayohayo yaliwasumbua wakulima. Basi kati ya 1962 na 1968 mto ulinyooshwa, ukawekewa kingo za udongo, na pampu zikavuta maji ya bondeni. Hekta 4,000 hivi za majani na vinamasi zikawa mashamba. Tusiwacheke; njaa ya ardhi sisi tunaijua, na nafaka kweli walivuna.

Lakini udongo wa kinamasi ni mabaki ya mimea. Ukikauka, hewa huingia, unaoza na kushuka. Ardhi ikazama, ikawa vigumu zaidi kuikausha. Madini ya chuma yaliyolala udongoni yakawa kutu, yakachafua maji. Mbolea ya mashambani, ambayo zamani ilichujwa na majani ya bondeni, ikaenda moja kwa moja ghubani. Samaki na ndege wakapungua.

Mwaka 1987 Bunge liliamua mto urudishwe. Serikali ilinunua mashamba au kuwapa wakulima mengine badala yake. Kazi ilifanywa kuanzia 1999 hadi 2002: kilometa 19 zilizonyooka zikawa 26 zenye kona, na hekta 2,200 hivi zikarudi kuwa majani na maji. Sehemu iliyobaki inaendelea kulimwa.

Tujifunze nini? Kona za mto hupunguza mbio za maji, na kinamasi huyahifadhi kama sifongo. Anayeunyoosha mto hayaondoi mafuriko. Huyapeleka haraka kwa jirani wa chini. Hata mfereji wa kambini ni hivyo: ukichimbwa kuokoa nyumba moja bila kutazama mwisho wake, huibomoa nyingine.

Kwa hiyo, ndugu zangu, siku tutakapogawana mabonde nyumbani, kabla ya kushika jembe tuulize: maji haya yatakwenda kwa nani? Nanyi wafanyakazi wa mashirika, kabla ya kuchora mfereji, waulizeni wazee wanaokaa kando ya kijito. Denmark ni nchi tajiri, iliweza kulipa mara mbili. Sisi hatutaweza.