Nduthi ya Kitambo Inadunda Mbele? Jua Shoku Zako Hivi

Nduthi mob za kitambo hazina skrubu ya kurekebisha shoku za mbele. Lakini si lazima uishi na mdundo. Ndani ya kila shoku kuna vitu mbili za kujua: springi inabeba uzito, mafuta inatuliza springi.

Pima kwanza: Shika breki ya mbele, sukuma usukani chini, achilia. Ikirudi juu mara moja na itulie, uko poa. Ikidunda-dunda, mafuta imechoka ama imepungua.

Mafuta: Nzito inafanya shoku isonge polepole, nyepesi inaipa haraka. Kama nduthi yako hutumia 10W, jaribu 15W kwanza, usiruke mbali. Usijaze kupita kipimo. Hewa ya juu ikifinywa sana, sili zinaanza kuvuja. Na shoku zote mbili zipate kiwango sawa.

Springi: Fundi akiongeza spesa juu ya springi, nduthi inainuka mbele, lakini springi yenyewe haijakuwa ngumu. Ukikaa, shoku izame robo hadi thuluthi ya mwendo wake. Ikiwa inasonga milimita 120, hiyo ni 30 hadi 40.

Sili: Ukiona pete ya mafuta kwa chuma, badilisha mapema. Mafuta ikifika kwa breki, inateleza ukiihitaji.

Na usifungue kifuniko cha juu kabla hujainua tairi ya mbele. Springi inaweza ruka ikupate usoni.