Selimundu: Fahamu Chanzo, Dalili na Hatua za Kuchukua

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mtoto wa miezi minane analia usiku kucha. Viganja vyake vimevimba, nyayo zimejaa, na kila anapoguswa kilio huongezeka. Bibi anadhani mtoto ameteguka, jirani anasema ni jicho la watu, na mama anampa dawa ya kutuliza maumivu huku akisubiri kupambazuke. Katika kaya nyingi nchini, hivyo ndivyo ugonjwa wa selimundu unavyobisha hodi kwa mara ya kwanza, na mara nyingi hapatikani wa kuutambua.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa afya nchini yanaonesha kuwa takriban watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na kwamba kati ya Watanzania 13 na 20 katika kila 100 wamebeba kinasaba chake bila wao wenyewe kuugua. Aidha, inakadiriwa kuwa pasipo uchunguzi wa mapema na matibabu, zaidi ya nusu ya watoto wenye selimundu Barani Afrika hufariki dunia kabla ya kutimiza miaka mitano. Vifo vingi kati ya hivyo vinaweza kuzuilika, na hatua ya kwanza ya kuvizuia ni mzazi kuufahamu ugonjwa.

Chanzo cha ugonjwa

Damu ya binadamu hupata rangi yake nyekundu kutokana na himoglobini, protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu ambayo kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha katika kila sehemu ya mwili. Chembe nyekundu ya kawaida ni ya mviringo na laini, hivyo hupenya bila shida hata katika mishipa myembamba kuliko unywele.

Kwa mtu mwenye selimundu, himoglobini ina hitilafu ndogo. Inapoachia oksijeni hugandamana, na chembe iliyokuwa ya mviringo hujikunja na kuwa ngumu, ikichukua umbo la mundu ule unaotumiwa na wakulima kuvuna mpunga. Hapo ndipo lilipotoka jina la ugonjwa huu.

Madhara makubwa mawili hufuata. La kwanza, chembe hizo hunasa katika mishipa midogo na kuzuia damu kupita, na sehemu ya mwili iliyokosa damu huuma na hatimaye huharibika. La pili, chembe hizo hazidumu. Wakati chembe ya kawaida huishi takriban siku 120, chembe yenye umbo la mundu huishi kati ya siku 10 na 20 tu. Mwili hulazimika kutengeneza damu mpya kwa haraka kuliko unavyoweza, na mgonjwa huishi na upungufu wa damu wa kudumu.

Namna ugonjwa unavyorithiwa

Selimundu hauambukizwi kwa kugusana, kula pamoja wala kulala pamoja. Haupatikani kwa kuongezewa damu na hausababishwi na kurogwa, mkosi wa ukoo au kosa lolote alilofanya mama wakati wa ujauzito. Ni ugonjwa wa kurithi, na ili mtoto auugue ni lazima apokee kinasaba cha selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili.

Mtu mwenye vinasaba viwili vya kawaida hutambulika kitaalamu kwa herufi AA. Aliyepokea kinasaba kimoja cha kawaida na kimoja cha selimundu huitwa AS. Huyu ni mbebaji na kwa kawaida huishi maisha yake yote bila dalili. Aliyepokea vinasaba viwili vya selimundu ni SS, na huyo ndiye mgonjwa.

Wabebaji wawili wanapopata mtoto, katika kila ujauzito kuna uwezekano wa asilimia 25 kuwa mtoto atakuwa mgonjwa, asilimia 50 kuwa atakuwa mbebaji, na asilimia 25 kuwa hatakuwa na kinasaba hicho kabisa. Hesabu hii huanza upya kila mimba inapotungwa. Familia moja inaweza kupata watoto wanne wazima na nyingine ikapata wagonjwa wawili mfululizo. Iwapo mzazi mmoja ni mgonjwa na mwingine ni mbebaji, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa hupanda hadi asilimia 50.

Ufafanuzi huu una uzito wa pekee katika jamii zetu. Wapo wanawake waliotelekezwa pamoja na watoto wao kwa madai kwamba ugonjwa umeletwa na upande wa mama. Madai hayo hayana msingi wowote wa kisayansi, kwa kuwa hakuna mtoto mwenye SS ambaye baba yake hakuchangia nusu ya vinasaba hivyo.

Kwa nini ugonjwa upo zaidi katika maeneo yetu

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu mwaka 1910 na daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, aliyemhudumia Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada. Swali la kwa nini kinasaba chenye madhara makubwa kiasi hicho kimeendelea kuwepo lilipata jibu katika ardhi ya Afrika Mashariki. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichunguza damu za wakazi wa maeneo mbalimbali kuanzia mwaka 1949 na kubaini kuwa wabebaji walikuwa wengi katika Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache mno katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria.

Mwaka 1954 Allison alichapisha matokeo yaliyoonesha kuwa mbebaji wa kinasaba kimoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kwa karne nyingi watoto wenye AS walinusurika na malaria, wakakua na kurithisha kinasaba hicho kwa vizazi vilivyofuata. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kinga hiyo haimlindi mgonjwa mwenye SS. Kwake yeye malaria ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa huangamiza kwa haraka damu ambayo tayari ni pungufu.

Dalili za ugonjwa

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa na afya njema, kwa sababu himoglobini ya kichanga aliyotoka nayo tumboni humkinga. Himoglobini hiyo hupungua taratibu, na dalili huanza kujitokeza kuanzia umri wa takriban miezi sita. Dalili zinazopaswa kufuatiliwa ni pamoja na:

- Kuvimba kwa viganja na nyayo kunakoambatana na maumivu, hasa kwa watoto wachanga.
- Maumivu makali ya mifupa, viungo, mgongo, kifua au tumbo yanayokuja na kuondoka.
- Macho kuwa ya manjano na mkojo kuwa na rangi nzito.
- Weupe wa viganja, ulimi na ndani ya kope, pamoja na kuchoka haraka, ambazo ni ishara za upungufu wa damu.
- Kuugua homa na nimonia mara kwa mara.
- Kuchelewa kukua na kuchelewa kubalehe.
- Vidonda visivyopona karibu na vifundo vya miguu, hasa kwa vijana na watu wazima.

Maumivu hayo huchochewa zaidi na baridi, upungufu wa maji mwilini, homa, uchovu na msongo wa mawazo. Kwa kuwa yanafanana na ya maradhi mengine, wagonjwa wengi hutibiwa malaria au baridi yabisi kwa miaka kadhaa kabla ya ugonjwa wenyewe kugunduliwa.

Dalili za hatari zisizosubiri asubuhi

Zipo dalili ambazo zinamtaka mzazi kumfikisha mtoto hospitalini papo hapo, iwe mchana au usiku. Ya kwanza ni homa ya nyuzi joto 38 au zaidi. Bandama, ambayo husaidia kuchuja vijidudu katika damu, huharibika mapema kwa watoto hawa, hivyo maambukizi yanaweza kusambaa mwilini na kuua ndani ya saa chache.

Ya pili ni tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto chini ya mbavu huku mtoto akipauka na kulegea. Hali hiyo humaanisha kuwa damu nyingi imenasa ndani ya bandama, na mtoto anaweza kuhitaji kuongezewa damu mara moja. Wazazi wanashauriwa kumwomba mhudumu wa afya awafundishe namna ya kuipapasa bandama wakiwa nyumbani.

Ya tatu ni maumivu ya kifua yanayoambatana na kupumua kwa shida. Ya nne ni ishara za kiharusi, zikiwemo udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda, kushindwa kuzungumza au degedege. Watoto wadogo nao hupata kiharusi kutokana na ugonjwa huu. Ya tano, kwa wavulana na wanaume, ni uume kusimama kwa muda mrefu kwa maumivu. Wengi huona aibu kuieleza hali hiyo, ilhali kuchelewa kutibiwa kunaweza kusababisha upungufu wa nguvu za kiume wa kudumu.

Vipimo

Kipimo cha awali kinachopatikana katika vituo vingi huonesha tu kama kinasaba cha selimundu kipo. Hakiwezi kumtofautisha mbebaji na mgonjwa, na kwa mtoto mchanga kinaweza kutoa majibu yasiyo sahihi. Kwa sababu hiyo, majibu hayo yanapaswa kuthibitishwa kwa kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Vilevile, vipo vipimo vya haraka vinavyotumia tone moja la damu na kutoa majibu ndani ya dakika chache, ambavyo vinaweza kutumika hata kwa mtoto aliyezaliwa siku hiyo hiyo.

Vijana wanaotarajia kufunga ndoa nao wanahimizwa kupima. Lengo la kupima ni kuwapa wahusika taarifa sahihi. Uamuzi wa kuoana na wa kupata watoto unabaki kuwa wao, baada ya kupata ushauri wa mtaalamu.

Matibabu na uangalizi

Mgonjwa wa selimundu anayefuatiliwa vyema kliniki anaweza kusoma, kufanya kazi, kuoa au kuolewa na kulea familia. Imani kwamba mtoto mwenye selimundu hawezi kufikisha miaka 18 imepitwa na wakati.

Huduma ya msingi inajumuisha vidonge vya foliki asidi vinavyosaidia kutengeneza damu, dawa ya penisilini kila siku hadi mtoto atimize miaka mitano, kinga dhidi ya malaria ikiwemo kulala ndani ya chandarua chenye dawa, na kukamilisha chanjo zote. Chanjo ya nimonia, inayotolewa mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14, ina umuhimu wa pekee kwa watoto hawa.

Dawa ya haidroksiyurea huongeza himoglobini ya kichanga mwilini na kupunguza chembe kujikunja. Utafiti uliofanyika Angola, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionesha kuwa watoto walioitumia walipata maumivu na maambukizi machache, walihitaji kuongezewa damu mara chache na vifo vilipungua. Dawa hii hutumika kwa maelekezo ya daktari na kwa kupima damu mara kwa mara.

Tiba inayoweza kuuondoa ugonjwa ni upandikizaji wa uboho kutoka kwa mtu anayelingana na mgonjwa kivinasaba, mara nyingi ndugu wa baba na mama mmoja. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya jijini Dodoma imekwishaanza kutoa huduma hiyo kwa watoto wenye selimundu.

Nyumbani na shuleni

Sehemu kubwa ya uangalizi hufanyika nje ya hospitali. Mgonjwa anywe maji ya kutosha kutwa nzima, avae nguo za kumkinga na baridi, apumzike anapochoka na asikose kliniki hata anapojisikia mzima.

Walimu wana nafasi kubwa katika jambo hili. Figo za mtoto mwenye selimundu hushindwa kuhifadhi maji, hivyo yeye huhitaji kunywa na kwenda haja ndogo mara nyingi kuliko wenzake, na anaweza kukojoa kitandani hata akiwa mkubwa. Kumnyima ruhusa ya kutoka darasani, kumwadhibu bwenini au kumlazimisha kukimbia kwenye mvua na baridi kunaweza kumletea maumivu yatakayomlaza wodini. Mzazi anapaswa kuutaarifu uongozi wa shule mapema, na shule inapaswa kuitunza taarifa hiyo kwa staha.

Wito kwa wananchi

Kila mwaka ifikapo Juni 19 dunia huadhimisha Siku ya Selimundu, kufuatia azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2008. Hata hivyo, mzazi hana sababu ya kusubiri siku hiyo. Wananchi wanahimizwa kuwapeleka watoto wenye dalili zilizotajwa katika kituo cha afya kilicho karibu, kuchangia damu kwa hiari kwa kuwa wagonjwa hawa huihitaji mara kwa mara, na kuacha kuwanyanyapaa wagonjwa na familia zao. Kwa ushauri na ufafanuzi zaidi kuhusu masuala ya afya, wananchi wanaweza kupiga simu bila malipo kwenda Kituo cha Huduma kwa Wateja cha Wizara ya Afya kwa namba 199.